SKRINI MBILI KATIKA OFISI YA TAWI
Namna ya kuzifunga, na kazi yake kwa wafanyakazi



Katika mikutano ya matawi, ya mashamba ya chai na ya viwandani vilevile, wajumbe wametuuliza mara nyingi kwa nini katika ofisi yetu pana skrini mbili juu ya meza ilhali kompyuta ni moja. Wako waliodhani kuwa tumenunua kompyuta mbili kwa fedha ya ada, na mjumbe mmoja wa kiwandani alisimama mkutanoni akamtaka mweka hazina ajibu mbele ya watu. Alikuwa na haki ya kuuliza, kwa kuwa fedha ni yake. Kwa hiyo tumeonelea tueleze jambo hili kwa kirefu: skrini hizo zina kazi gani, hufungwa namna gani, na ni makosa gani tuliyoyafanya sisi kabla ya kufanikiwa. Wengi wetu tuliishia darasa la saba na hakuna aliyesomea ufundi wa kompyuta. Tulijifunza kwa kujaribu na kukosea, na tawi lolote lenye kompyuta ya mezani laweza kufanya kazi hii lenyewe kwa asubuhi moja.

ORODHA MBILI

Kila mwisho wa mwezi mwajiri hutuletea orodha ya makato. Zamani ilikuja kwa karatasi, siku hizi huja ndani ya flashi. Katika orodha hiyo mna namba ya kazi ya kila mtu, jina lake, mshahara wake, ada ya chama iliyokatwa, namba yake ya NSSF na mchango uliokatwa. Na sisi tunayo rejista yetu ya wanachama, yaani wale waliokubali kwa sahihi au kwa dole gumba kwamba wakatwe ada. Kazi ya katibu wa tawi ni kuzilinganisha orodha hizi mbili mstari kwa mstari.

Kwa skrini moja kazi hii ni adhabu. Wafungua orodha ya mwajiri, washika kichwani namba ya mtu mmoja, waifunga, wafungua rejista, na kabla hujafika kwenye jina lake umekwisha kusahau kama namba iliishia na 68 au 86. Katibu mwenye mamia ya wanachama huishia kukagua ukurasa wa kwanza tu, kisha hutia sahihi kwamba yote ni sawa. Tunasema hivi kwa sababu sisi wenyewe tulifanya hivyo kwa muda mrefu. Tulijaribu kuchapa kila kitu kwenye karatasi, lakini orodha ya mwajiri ni pana, na printa ikawa inaikata vipande viwili, majina karatasi moja na fedha karatasi nyingine.

Sasa tazameni hatari yake. Hapa Uganda sheria ya NSSF yasema kwamba asilimia 5 hukatwa katika mshahara wa mfanyakazi, na mwajiri huongeza asilimia 10 kutoka mfukoni mwake. Mwenye mshahara wa shilingi 200,000 kwa mwezi hukatwa shilingi 10,000, mwajiri huongeza shilingi 20,000, na jumla ya shilingi 30,000 yapasa iwe imefika kwenye Mfuko ndani ya siku 15 baada ya mwezi kwisha. Fedha hiyo huenda kwa namba. Haiendi kwa sura ya mtu wala kwa jasho lake. Tarakimu moja ikigeuzwa, mfanyakazi huona makato katika hati yake ya mshahara na kutulia, kumbe akiba yake haiongezeki hata shilingi. Wengi hugundua siku wanapokwenda kudai mafao wakiwa na miaka 55. Tena tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2022, mwenye miaka 45 ambaye amechangia kwa miaka 10 aweza kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake mapema. Basi fikirini hali ya mtu aliyefanya kazi miaka 12, lakini vitabu vinaonyesha miaka 7.

Siku ya kwanza tulipoziweka orodha mbili ubavu kwa ubavu, orodha ya mwajiri kushoto na rejista yetu kulia, hatukumaliza saa mbili kabla ya kumwona mama mmoja mchuma chai ambaye namba yake ya NSSF ilikuwa imegeuzwa tarakimu mbili tangu ofisi ya mishahara ilipobadilisha programu yake. Tukaona na wengine. Wako waliokatwa ada ya chama hali hawakuwahi kutia sahihi, na wako waliotia sahihi lakini hawakukatwa. Lazima tuseme kweli kwamba baadhi ya makosa yalikuwa ya kwetu. Katika lugha zetu nyingi herufi r na l hubadilishana, na mtu huyohuyo huandikwa kwa r shambani na kwa l katika kitabu cha chama, akaonekana kama watu wawili. Tangu hapo tunalinganisha kwa namba ya kazi kwanza, jina baadaye.

TAZAMA MATUNDU KABLA YA KUNUNUA

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Usinunue kitu chochote kabla hujaligeuza sanduku la kompyuta na kuutazama mgongo wake. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, vuta sanduku kwenye mwanga. Utaona matundu ya namna nyingi, lakini ya skrini mara nyingi ni ya aina nne.

La kwanza ni VGA. Kwa kawaida ni la buluu, lina vitundu 15 katika safu tatu, na pembeni lina mahali pa skrubu mbili. Hili ni la zamani, lilitoka mwaka 1987, na lingali linaonekana katika skrini nyingi za mitumba. La pili ni DVI, pana kuliko yote, mara nyingi jeupe, nalo lina skrubu. La tatu ni HDMI, jembamba, lilelile la televisheni za siku hizi. La nne ni DisplayPort, ambalo mtu asiyelizoea hulidhania HDMI. Tofauti yake ni kwamba HDMI imepunguzwa kona zote mbili za chini, na DisplayPort imekatwa kona moja tu. Ukiona waya haungii, usiulazimishe kwa nguvu. Tundu likivunjika utakuwa umejinunulia hasara.

Hesabu matundu hayo. Kompyuta nyingi za ofisi zilizotengenezwa katika miaka kumi hivi iliyopita zina mawili au matatu, na zinaweza kuendesha skrini mbili bila kuongezewa kitu. Kisha geuza na skrini zako, uhesabu matundu yake vilevile. Andika kwenye karatasi: kompyuta ina haya, skrini ya kwanza ina haya, skrini ya pili ina haya. Nenda dukani na karatasi hiyo. Sisi hatukwenda na karatasi, na ndiyo sababu ya makosa tutakayoyaeleza.

Skrini hazina haja ya kufanana. Sisi tuna moja mpya kiasi, pana, na nyingine ya zamani ya mraba iliyokuwa imelala stoo kwa miaka. Kila moja hujipangia ukubwa wake wa picha, kwa mfano nukta 1920 kwa 1080 kwa ile pana, na 1280 kwa 1024 kwa ile ya mraba. Umeme wanaokula si mwingi. Skrini bapa ya ukubwa wa kawaida hula kama wati 20 hadi 30, yaani chini ya taa moja ya zamani ya kioo.

FEDHA TULIYOIPOTEZA

Kosa la kwanza lilikuwa la kununua kigawanyo. Muuzaji alituambia kuwa twataka kuunganisha skrini mbili, na hiki ndicho huunganisha skrini mbili. Hakudanganya. Kigawanyo ni kidude chenye tundu moja la kuingilia na mawili ya kutokea, na kwa kuwa skrini yetu ya mraba ni ya VGA tukanunua na adapta ya kugeuza HDMI kuwa VGA. Tulipowasha, skrini zote mbili zikawaka vizuri. Lakini zilionyesha kitu kilekile! Ukifungua orodha ya mwajiri, yaonekana kushoto na kulia vilevile, kama mtu na kivuli chake. Kigawanyo hunakili picha moja, hakiwezi kuleta ya pili. Kwa kupanua nafasi ya kazi ni lazima kila skrini iwe na waya wake unaotoka katika tundu lake katika kompyuta. Mweka hazina alikiweka kigawanyo kabatini kwa hasira. Tutakirudia baadaye, maana kilipata kazi.

Kosa la pili lilitupotezea siku nzima. Kompyuta yetu ilikuja na kadi ndogo ya picha iliyochomekwa ndani, yenye tundu lake la HDMI. Lakini ile bodi kuu ya mashine nayo ilikuwa na matundu yake, VGA moja na DisplayPort moja, yakiwa juu kidogo karibu na matundu ya kibodi na mausi. Tukaunga skrini moja kwenye kadi na ya pili kwenye bodi. Ya kadi ikawaka, ya bodi ikabaki giza. Tulibadilisha waya, tukabadilisha skrini, tukamlaumu aliyetuuzia. Sababu ni kwamba mashine nyingi zikikuta kadi ya picha ndani, huyafunga matundu ya bodi zenyewe. Kanuni ni hii: kama kadi ipo, skrini zote zifungwe kwenye kadi. Kama kadi haina matundu ya kutosha, na bodi inayo ya kutosha, kadi yaweza kutolewa. Sisi tulifanya hivyo. Lakini tahadhari, ziko kompyuta ambazo bodi zake haziwezi kuonyesha picha bila kadi, kwa kuwa kichakataji chake hakina sehemu ya picha ndani yake. Ukitoa kadi na skrini zote zikawa giza, irudishe tu, hakuna kilichoharibika.

Kwa atakayefungua sanduku: umeme uwe umechomolewa, na uguse kwanza chuma cha sanduku ili umeme ule mdogo wa mwilini utoke, hasa siku za jua kali na vumbi. Shika kadi kwa kingo zake. Skrubu moja, kibano kimoja, basi.

Kosa la tatu ni la mwelekeo wa waya. Baada ya kuitoa kadi, skrini ya mraba ilienda kwenye VGA, na ile pana tulitaka kuiunga kwenye DisplayPort ya bodi, nayo ina HDMI. Upo waya wa namna hiyo, na bei yake ni ya kawaida, lakini huenda upande mmoja tu: DisplayPort kwenye kompyuta, HDMI kwenye skrini. Ukiugeuza haufanyi kazi. Mwambie muuzaji wazi kitu kilicho kwenye kompyuta ni kipi na kilicho kwenye skrini ni kipi. Adapta zinazogeuza HDMI au DisplayPort kuwa VGA nazo zina mtambo mdogo ndani yake, kwa kuwa lugha ya umeme ya VGA ni tofauti, na nyingine huhitaji kuchomekwa umeme wa USB. Zile za bei ya bure zisizo na kitu ndani ni vipande vya plastiki tu.

Ikiwa kompyuta yako ina tundu moja tu la skrini na huna namna, ziko adapta zinazotoa picha kupitia tundu la USB. Kwa orodha za majina zinatosha, ingawa huhitaji programu yake ya kuziwezesha, na kwa video huchelewa. Televisheni yenye HDMI nayo yaweza kuwa skrini ya pili. Tuliitumia mara moja katika mkutano wa tawi, na watu wa nyuma waliona namba bila kusimama.

KUIAMBIA KOMPYUTA

Nyaya zikishakaa, washa skrini kwanza kisha kompyuta. Mara nyingi kompyuta huziona zote mbili, lakini haijui unataka nini. Maagizo tunayoyatoa hapa ni ya Windows, ambayo ndiyo iliyo katika ofisi nyingi. Shika kitufe chenye alama ya dirisha, kilicho chini upande wa kushoto wa kibodi, na huku umekishika gonga herufi P. Yatatokea maneno manne kwa Kiingereza. La kwanza ni la kutumia skrini moja tu. La pili ni Duplicate, maana yake picha moja kwa skrini zote mbili. La tatu ni Extend, maana yake kupanua, na hili ndilo la kuchagua kwa kazi ya kulinganisha. La nne ni la kutumia skrini ya pili peke yake, na mtu akilichagua kwa bahati mbaya skrini ya kwanza huzimika akafikiri imekufa. Gonga tena vitufe vilevile urudi.

Sasa mausi yako yaweza kuvuka kutoka skrini hii hadi ile. Hapo sisi tulipata mkasa wa kuchekesha. Skrini ya mraba tuliiweka kushoto mezani, lakini kompyuta iliamini kuwa ipo kulia. Ukisukuma mausi kushoto unagonga ukuta, ukisukuma kulia inatokea kushoto, na katibu wetu akasema mashine ina wazimu. Dawa yake: bonyeza kitufe cha kulia cha mausi mahali patupu, chagua maneno Display settings. Utaona visanduku viwili vyenye namba 1 na 2. Bonyeza Identify, na namba kubwa itatokea kwenye kila skrini ujue ipi ni ipi. Kisha kamata kisanduku, ukivute kikae kama skrini zilivyo mezani. Vilevile visanduku vilingane kimo kwa juu au kwa chini, la sivyo mausi hukwama mahali skrini moja inapoizidi nyingine. Ukurasa huohuo ndio wa kuchagua skrini kuu, na wa kukuza maandishi kwa mwenye macho yaliyochoka. Usione haya kuyakuza.

Fungua orodha moja, ikamate kwa kichwa chake uivute hadi skrini ya pili, kisha fungua nyingine. Wasiotaka kuvuta washike kitufe cha dirisha pamoja na Shift na kugonga mshale wa kushoto au wa kulia, na dirisha litaruka lenyewe. Vitufe hivyo vinasaidia pia siku skrini ya pili imeondolewa na orodha yako imebaki huko isikoonekana. Wenye Excel ya kabla ya toleo la 2013 watapata taabu, kwa kuwa toleo hizo huweka mafaili yote ndani ya dirisha moja. Hao na wafungue Excel yenyewe mara mbili, faili moja katika kila moja.

Mpango wetu wa kukagua ni huu. Orodha zote mbili hupangwa kwa namba ya kazi. Mtu mmoja husoma kwa sauti namba ya NSSF kutoka kushoto, tarakimu mbilimbili, mwingine hufuata kwa kidole kulia. Isiyolingana hupakwa rangi ya njano, haisahihishwi hapohapo. Hilo ni muhimu, maana hatujui bado kosa ni la nani. Orodha ya mwajiri haiguswi kamwe. Tunafanya nakala yake kwanza, na flashi hufungwa kabatini.

Kuhusu umeme, tawi lenye uwezo liwe na UPS ndogo, kompyuta na skrini mbili zichomekwe hapo. Printa kubwa ya laza isichomekwe kwenye UPS, kwa maana huvuta umeme mwingi kwa ghafla.

MEZA YA MWAJIRI

Tulipokwenda na majina ya njano kwenye ofisi ya mishahara, tulikaribishwa vizuri na kupewa viti. Lakini viti vilikuwa upande wa pili wa meza. Karani alikuwa na skrini yake imemwelekea yeye, sisi tukawa tunautazama mgongo wa skrini na nyaya zake. Akawa anasoma: huyu yuko sawa, huyu naye yuko sawa, huyu tutamwangalia. Hatukuwa tunamtuhumu kuwa ni mwongo. Lakini mtu anayeambiwa na asiyeona hana la kujibu, na tuliondoka mikono mitupu.

Hapo ndipo tulipokikumbuka kigawanyo. Mara ya pili tulikwenda na skrini yetu ya mraba imefungwa nyuma ya pikipiki kwa blanketi, pamoja na kigawanyo na adapta yake. Tuliomba skrini hiyo iwekwe upande wetu wa meza, ionyeshe kile karani anachokiona. Meneja alicheka, akasema kompyuta ya kampuni haiguswi na mtu wa nje. Tukamwambia hatuna haja ya kugusa kitufe hata kimoja. Kigawanyo hukaa katikati ya waya: waya wa kompyuta huingia ndani yake, waya mmoja huenda kwenye skrini ya karani, wa pili kwenye yetu. Mausi na kibodi hubaki mikononi mwa karani. Fundi wao wa kompyuta alikitazama, akakubali kuwa ni kweli. Kwa upana wa skrini yetu picha ilibanwa kidogo, lakini namba zilisomeka.

Kazi iliyokuwa imeshindikana asubuhi nzima ya mara ya kwanza ilichukua muda mfupi. Karani mwenyewe alipoona namba ya yule mama kwenye skrini yake, nasi tukaisoma kutoka kadi yake ya NSSF wakati uleule, alinyamaza kisha akaandika. Mwajiri aliandika barua kwa Mfuko, na michango iliyokuwa imekwenda kwa namba isiyo yake ikarudishwa katika akaunti yake. Wengine wawili shauri lao halijaisha. Kwao kosa si tarakimu, ni miezi ambayo makato yapo kwenye hati ya mshahara na mchango hauonekani kabisa, na jambo hilo liko kwa Afisa Kazi wa wilaya.

Tangu siku hiyo tumeliweka katika madai yetu kwamba kila dirisha la malipo liwe na skrini ya pili inayomtazama mfanyakazi. Si kitu kigeni. Katika maduka makubwa ya mjini mnunuzi huonyeshwa bei kwa kioo chake mwenyewe wakati karani akiigonga. Mizani za kidijitali nazo ziko zenye uso wa mbele na wa nyuma. Mchuma chai anayepimiwa majani yake kwenye kituo cha shambani anastahili kuziona kilo zake kabla hazijaandikwa, wala asiambiwe tu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa kila mfanyakazi haki ya kupewa hati ya mshahara inayoonyesha makato moja moja, kwa namna anayoweza kuielewa. Kuyaona makato hayo yakiwa bado kwenye skrini, kabla hayajawa karatasi, ni hatua moja tu mbele.

MACHO, SHINGO NA SIRI

Wenzetu makarani na watunza stoo ni wanachama kama sisi, na baadhi yao sasa wamewekewa skrini mbili au tatu kazini. Maumivu ya shingo yao ni jambo la chama. Skrini iwe mbali na uso kiasi cha urefu wa mkono, na ukingo wake wa juu usipite macho. Kama zote mbili zinatumika sawasawa, mahali zinapogusana pawe mbele ya pua. Kama moja ndiyo kuu, hiyo ikae mbele na nyingine pembeni, imegeuzwa kidogo kumwelekea mtu. Dirisha liwe ubavuni, lisiwe mbele wala nyuma. Kila dakika 20 hivi utazame kitu kilicho mbali, kama mita 6, kwa sekunde 20. Tofali au kitabu kinene chini ya skrini fupi chafaa kabisa, sisi tumetumia vitabu vya zamani vya risiti.

Neno moja kwa makatibu. Skrini mbili huonyesha siri mara mbili. Mishahara na namba za watu si za kila anayepita mlangoni, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inatubana na sisi vyama kama inavyombana mwajiri. Geuzeni meza ili mgeni akae nyuma ya skrini, na mnapotoka gongeni kitufe cha dirisha pamoja na herufi L, mashine hujifunga.

Wanachama wanaotaka namba zao zikaguliwe walete kadi ya NSSF na hati ya mshahara ya mwezi wowote katika ofisi ya tawi, wasilete nakala za wenzao bila idhini yao. Kigawanyo, adapta na skrini ya mraba vinapatikana kwa kuazimwa na tawi lolote linalokwenda kuonana na mwajiri wake. Mjumbe atatia sahihi katika kitabu cha mali, na blanketi lirudi pia.